Hadubini ya tone la kioo: ukungu umetoka, kiini cha seli ya kitunguu kimeonekana

Kiini kimeonekana! Duara dogo la zambarau, limebanwa pembeni mwa seli ya kitunguu, na ukingo wake unasomeka vizuri hata kwenye kioo cha simu. Mnaofuatilia mradi huu, wa kutengeneza hadubini kwa tone moja la kioo kama lenzi na simu ya kupigia picha, mnajua kero ilikuwa wapi: lenzi ipo, mwanga upo, seli zipo, lakini kila picha inatoka imefunikwa na ukungu mweupe, kuta za seli zina vivuli viwili viwili, na ndani hamna kitu.

Habari ya kuvuta uzi wa kioo na kuyeyusha ncha hadi ijikunje kuwa tone siirudii. Niseme tu kwamba kijiti cha kioo kisicho na uwazi kinaushinda mrija, kwa sababu hewa ya mrija hubaki ndani ya tone ikawa kiputo. Na tochi ya gesi ya sonara inalishinda jiko, ambalo hukilegeza kioo bila kukiyeyusha sawasawa, kisha likakipaka masizi. Tone ninalotumia sasa lina kipenyo cha milimita moja na nusu hivi. Ukipiga hesabu, linakuza karibu mara 220.

Sasa ukungu. Mshukiwa wa kwanza alikuwa supaglu, kwa kuwa mvuke wake huacha utando mweupe kwenye kioo. Nikaibandua yote, tone nikalishikiza kwa nta ya mshumaa. Ukungu palepale. Nikaushuku mkia wa tone, pale uzi ulipokatikia, nikaulaza ubavuni ili mwanga usipite hapo. Afadhali kidogo, lakini ukungu palepale. Nikabadili taa, nikabadili simu, nikamenya vitunguu mpaka nikaulizwa kama leo kuna pilau.

Mchawi ni tundu la bati linaloshika tone, pale mwanga unapopita. Tone la kioo halipindishi mwanga kwa usawa: miale inayopita karibu na ukingo inapinda zaidi, hivyo haikutani mahali pamoja na ile inayopita katikati. Picha nyingi zinalaliana, na mlalano huo ndio ukungu wenyewe. Dawa yake ni kuuziba ukingo na kuacha katikati peke yake. Kwa tone la milimita moja na nusu, tundu la milimita moja ni lango la ng'ombe. Nilipolishusha hadi karibu nusu milimita, ukungu ukaondoka wote. Lakini msilibane kupita kiasi. Picha inaingia giza, halafu vitu vidogo vilivyokaribiana vinaanza kuungana, maana ili lenzi itenganishe nukta mbili inahitaji kupokea mwanga kwa pembe pana.

Kupata tundu dogo hivyo na bado liwe duara ndiyo kazi iliyonichosha kuliko kioo. Keekee inararua bati. Kilichofaulu ni hiki: kipande cha kopo la soda juu ya raba, unagandamiza ncha ya sindano ya kushonea bila kutoboa, unageuza, unasaga kile kinundu kwa msasa wa maji, ule laini wa mafundi wa rangi za magari, mpaka tundu lifunguke lenyewe. Kingo zinatoka safi, hazina meno.

Mtaniambia Antonie van Leeuwenhoek, yule bingwa wa hadubini za lenzi moja wa karne ya 17, alitumia shaba na fedha. Najua, na zinapendeza. Ila kwa tone la ukubwa huu, kitu unachokitazama kinakaa karibu theluthi moja tu ya milimita kutoka kwenye uso wa lenzi, na kioo cha kufunikia slaidi kinakula nusu ya nafasi hiyo. Bati nene linamaliza kilichobaki. Kopo la soda lina unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, na ni la bure. Sioni sababu ya kununua shaba.

Huyo Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, hakumfundisha mtu namna ya kutengeneza lenzi zake bora. Mwaka 2021 watafiti walipitisha miale ya nyutroni kwenye hadubini yake yenye nguvu iliyohifadhiwa Utrecht, bila kuifungua, wakakuta ndani yake tone la kioo lililoyeyushwa. Njia hiyo mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alikuwa ameshaichapa tangu 1665, kwenye dibaji ya kitabu chake! Hooke mwenyewe aliona lenzi moja inamuumiza macho, akashika hadubini ya lenzi mbili. Simu haiumwi macho, kwa hiyo lenzi moja inatosha kabisa.

Rangi niliyotia ili kiini kionekane: GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda vya mdomoni, tone moja kwenye maji mengi. Iodini nayo inafanya kazi, lakini kwa macho yangu GV inakitoa kiini waziwazi zaidi. Robert Brown, mtaalamu wa mimea aliyekipa kiini jina lake mwaka 1831 akichunguza okidi, naye alikuwa mtu wa lenzi moja.

Mpango ulikuwa kwamba baada ya kitunguu nikate kizibo cha chupa ya mvinyo nihakiki hesabu ya Hooke. Kwenye kizibo alihesabu vijumba vya seli 60 hivi katika sehemu moja ya 18 ya inchi, yaani 1,080 kwa inchi, kila kimoja na upana wa mikromita 23 na kitu. Wembe mpya nimeshanunua. Ila kabla ya kufika huko niliweka utando wa kitunguu kibichi, bila GV, kupima tundu tu, nikaona vichembe vinatembea. Si kutetemeka: vinasafiri kwa msafara kando ya ukuta, vinavuka katikati ya seli kwenye nyuzi nyembamba, vingine vinakwenda, vingine vinarudi. Saitoplazimu, ule uteute wa ndani ya seli, inazunguka! Kizibo cha Hooke kilikuwa kuta tupu za seli zilizokufa, kwa hiyo kitasubiri.

Tatizo jipya ni video. Taa inakausha utando kabla sijapata picha ndefu ya kutosha, na nikiongeza maji pembeni, kioo cha kufunikia kinaelea na kila kitu kinatoka kwenye fokasi. Najaribu kukizungushia vaselini.