Adui wa mafuta yangu ya alizeti alikuwa mwanga

Nauza mafuta ya alizeti kando ya barabara kuu pale Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, huu ni mwaka wa saba. Wiki iliyopita kijana anayeanza biashara hii alinionyesha chupa zake alizozipanga juani tangu asubuhi, zinang'aa kama asali. Aliposema kashauriwa na wakongwe wa barabarani, roho iliniuma. Ushauri huo huo ndio ulionitia hasara msimu wangu wa pili.

Msimu ule nilikamua mapema, nikachuja, nikayaacha yatuame siku tatu nne, nikajaza chupa za maji za lita moja na nusu. Siku za kwanza mafuta yananukia mpaka unatamani kuchovya ugali hapo hapo. Wiki ya tatu wateja wakaanza kurudi. Mama mmoja wa Gairo aliteremka kwenye kosta na chupa yake mkononi, akaniambia taratibu, hata hakupaza sauti: "Mwanangu, hii nimeungia mlenda, watoto wameukataa." Nikafungua, nikanusa. Harufu ya rangi ya kupaka milango. Nikamrudishia hela yake na nauli juu.

Kwanza nilimshuku mwenye mashine, nikadhani ananichanganyia mafuta ya mwaka jana. Tulikosana karibu mwezi mzima. Baadaye nilimpelekea kuku na kumwomba radhi, maana hakuwa na kosa lolote.

Mzee mmoja jirani yangu wa meza, mtu ninayemheshimu, akaniambia, "Binti yangu, alizeti ni mtoto wa jua. Tangu inachipua inalifuata. Jua litayafanya nini mafuta yake? Yaache yapigwe, yatang'aa, abiria atayaona akiwa bado ndani ya basi." Maneno matamu, na niliyaamini. Leo ningemjibu kwamba hata shambani haiko hivyo. Alizeti changa ndiyo inayogeuka na jua kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa kuwa shina linarefuka upande mmoja kuliko mwingine. Ikishafungua ua na kukomaa haigeuki tena, inabaki inatazama mashariki. Pita shamba lolote la Kongwa mwezi wa nne jioni uangalie. Lakini hata kama ingelifuata mpaka siku ya kuvunwa, mbegu ina ganda gumu. Ukishaikamua, ganda limebaki kwenye mashudu na mafuta yamebaki uchi.

Wengine wakasema shida ni joto. Hilo nalo nikalifanyia kazi. Nilichukua magunia ya katani, nikayalowesha, nikazifunga chupa kuanzia kitako mpaka kiunoni, juu nikaacha wazi ili mteja aone rangi. Ni ujanja ule ule wa mtungi wa bibi zetu: maji yakikauka, kilichomo kinapoa. Kila siku nilimaliza dumu zima la maji kulowesha magunia, na maji kwetu si ya kuchezea. Chupa zilikuwa za baridi kweli, ukizishika saa nane mchana unafurahi. Wiki ya tatu ilipofika nikafungua moja: harufu ya rangi ya milango. Nilikaa juu ya ndoo nikalia.

Mtu aliyenifungua macho ni binti wa dada yangu, anayefanya kazi kwenye duka la dawa Dodoma mjini. Alikuja likizo, akaziona chupa zangu, akauliza, "Mama mdogo, umewahi kujiuliza kwa nini chupa nyingi za dawa ni za kahawia? Zipo dawa zinazoharibiwa na mwanga hata mahali pakiwa pamepoa." Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikaamua kupima mwenyewe.

Nilichukua chupa tano, nikazijaza kutoka dumu moja, mpaka shingoni, vifuniko vikakazwa. Ya kwanza nikaiacha wazi. Ya pili nikaivika nailoni nyeupe inayoonyesha ndani. Ya tatu nikaizungushia gazeti, mkunjo mmoja. Ya nne nikaivika kipande cha kaniki yangu kuukuu, mara mbili, nikaishona kabisa. Hizo nne nikazipandisha juu ya bati la banda la mbuzi. Ya tano nikaisukuma chini ya kitanda. Kila mchana nilipanda kigoda na kuzigusa. Ile ya kaniki ndiyo iliyokuwa ya moto kuliko zote, maana cheusi hunywa jua. Ilikuwa inaunguza kiganja. Nikasema moyoni, kama mchawi ni joto, hii ndiyo itakayokufa kwanza.

Baada ya majuma matatu niliwaita majirani wanne, nikawafumba macho kwa khanga. Mafuta hayanuswi kwenye shingo ya chupa. Unadondosha tone kiganjani, unasugua mpaka kiganja kipate joto, ndipo unanusa. Harufu yote inatoka. Wote wanne waliikataa ile ya wazi na ile ya nailoni. Ya gazeti wakagawanyika. Ya kaniki, iliyochemka juu ya bati siku zote zile, wakasema ina harufu ya alizeti iliyokaangwa, nzuri. Ya chini ya kitanda ilikuwa bora kuliko zote. Kwa hiyo sisemi joto halina neno, lina lake. Lakini mwanga ndio uliokuwa unaniua. Na jambo jingine: ile ya wazi ilikuwa imepauka. Nilipozisimamisha kando kwa kando mlangoni, ile dhahabu ambayo mzee alisema jua litaiongeza, jua lilikuwa limeila.

Nikatafuta sababu, nikauliza wanaojua. Mafuta yetu ya alizeti yamejaa asidi linoleiki, ambayo hewa huishambulia kwa urahisi. Na mafuta ya kukamua mashineni bila kusafishwa kiwandani huwa na chembe za klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Klorofili inanasa mwanga na kuikabidhi oksijeni nguvu yake, na oksijeni ikishapata nguvu hiyo inakuwa kali ajabu: inayala mafuta hayo zaidi ya mara 1,000 ya kasi ya oksijeni ya kawaida. Viwandani huondoa rangi hiyo kwa udongo maalumu. Sisi wa mashine za mitaani hatuna udongo huo, tuna kaniki.

Sasa mezani naweka chupa moja tu ya kuonyesha. Jioni narudi nayo nyumbani, ndiyo tunayopikia. Nyingine zote zimo kwenye boksi chini ya meza, zimefunikwa. Mwanzoni wateja walinishuku: "Dada, mbona unayaficha, umechakachua?" Simjibu kwa maneno. Namdondoshea tone kiganjani, asugue, anuse. Dereva mmoja wa lori alinusa, akaondoka bila kununua, akarudi baada ya siku mbili akabeba lita ishirini.

Madumu ya njano nayo yachunguze. Linyanyue dumu ulielekeze juani. Ukiona mstari wa mafuta yanapoishia, basi mwanga unaingia. Mimi nilikuwa nimeyaficha madumu ndani ya viroba nikayaacha nje, nikidhani nimemaliza kazi. Baada ya miezi michache viroba vikawa vinapukutika mkononi kama majani makavu, maana jua hukata nyuzi za plastiki kidogo kidogo. Matanki meusi ya maji hudumu kwa sababu plastiki yake imechanganywa na masizi yanayomeza ile miale mikali kabla haijapenya. Madumu yangu sasa yanakaa stoo, dirisha nimeliziba kwa boksi.

Hasara yote ya msimu ule ilikuwa kama laki mbili na ushee, bila kuhesabu kuku. Mafuta yaliyoharibika sikuyauza. Nilipika sabuni, na ilitoa povu zuri.

Yule kijana nimemwambia asiniamini mimi, apime mwenyewe. Tumechukua chupa mbili za kioo, moja ya kijani na moja ya kahawia, tumezijaza kutoka dumu lake, na tangu Jumatatu ziko juu ya banda langu la mbuzi. Khanga ya kuwafumba majirani nimeshaiweka tayari.