Nani kala pilau yangu?

Maswali ninayopata kila wiki kuhusu kusoma Ujerumani ni yaleyale, viza, chuo, hela ya kuishi, na nawajibu ninavyoweza ila leo naomba niongelee jiko. Maana hamna mtu aliyeniambia kabla sijapanda ndege kwamba unaenda kusoma Masters alafu kitu kitakachokunyima usingizi ni sufuria.

Mi nlitua Leipzig Oktoba 2022 kutoka Tanga, begi mbili, moja nusu yake chakula (bizari, dagaa, unga wa sembe kilo tatu, mama hakutaka kusikia habari za uzito). Chumba nlikua nshakipata nikiwa nyumbani. Huku wanafunzi wengi wanakaa kwenye kitu wanaita WG, wanatamka ve-ge, yani mnakodi nyumba moja, kila mtu na chumba chake, jiko na bafu vya wote. Na kupata chumba sio mchezo jamani, niliandika meseji mpaka nikachoka, wengi hawajibu kabisa, mmoja tu akajibu fasta, chumba kizuri balaa, bei ya chini, ila eti yuko nje ya nchi kwaiyo nitume kodi na dhamana kwanza ye atanitumia funguo kwa posta. Nusura nitume. Kaka yangu ndo alinishtua, akanambia "We Tanga hapa humpi dalali hela hujaona mlango, huko usikokujua ndo utampa?" Dhamana yenyewe kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu, na hapo baba alikua keshauza kipande cha shamba la machungwa Muheza ili nifungie euro 10,332 kwenye ile akaunti ya viza (ya kuonyesha una hela ya kuishi mwaka mzima), ndo kilikua kiwango cha mwaka ule, na ukifika huku ulikua unaachiwa 861 tu kwa mwezi hata ulie. Ingeenda hela ya machungwa hivihivi.

Hawa wenzangu wa kweli walinifanyia intavyu ya video kama dakika ishirini. Hawakugusa mambo ya shule. Unapika mara ngapi? Unalala saa ngapi? Wageni wakija utakasirika? Nikajibu yote kwa upole, macho chini, kama mtu anaeposwa. Wakanichukua.

Majina yao nayaacha, bado tunaongea. Kulikua na kaka Mjerumani anasoma hesabu, dada Mcolombia kutoka Medellín, na kaka Mvietnam wa kompyuta ambae wiki mbili za kwanza nadhani nlisikia sauti yake mara nne. Mama aliposikia wanaume wawili akanyamaza kwenye simu, nikasema mama upo? "Nipo mwanangu. Mlango wa chumba chako una ufunguo?" Una mama. "Unafunga mara ngapi?" Nikamwambia mara mbili, akasema haya.

Sa nije kwenye kiini. Kila mmoja pale alikua na namna yake ya kusema kwamba amekukasirikia. Mjerumani anaandika. Kwenye friji kuna karatasi ya zamu za usafi, Putzplan, na pembeni vikaratasi vya njano, kimoja cha taka peke yake maana taka zinatenganishwa, karatasi kwake, plastiki kwake, maganda kwake, na chupa za kioo kwenye makontena ya mtaani ambayo hata Jumapili hutakiwi kutupa maana zinapiga kelele. Nikajua ananichukia. Kumbe hana hata neno, anakutana na we kwenye korido anakuchekea, kwake kikaratasi ni kama kukwambia shati lako limetoka nje. Mcolombia yeye anafoka hapohapo, mikono juu, dakika tano baadae anakukatia embe. Mvietnam anatoka jikoni tu, basi, ndo kakasirika hivyo.

Na mimi? Mi ni mtu wa Tanga bwana. Sikwambii. Nitakuvalia kanga.

Vitu vingine nlivizoea mwenyewe. Lile la kufungua madirisha Januari dakika kumi nzima asubuhi na jioni ili ukungu usiote ukutani, na imo mpaka kwenye mkataba, nlidhani wananitania, mtu unalipia joto alafu unalifukuza nje? Nikawa sifungui. Wiki tatu nyuma ya kabati langu kukaota meusi, nikafungua. Barua ya ada ya redio na televisheni nayo nlijua matapeli, hatuna TV, redio ya nini? Kumbe inalipwa kwa nyumba uwe nayo usiwe nayo, euro 18.36 kwa mwezi, Mjerumani akatugawia 4.59 kila mmoja, mpaka senti hahaha. Nilimuona bahili ila nikwambie ukweli kwenye nyumba ya watu wanne hizo senti ndo amani. Chupa zetu za plastiki zilikua na kibubu chake, unarudisha dukani kwenye mashine unapata senti 25 kila moja, hela ya kibubu ndo inanunua sabuni na karatasi za chooni, hamna anaemdai mwenzie.

Ila pilau.

Ilikua Februari, nimepika Jumamosi, pilau ya nyama, nyeusi ile ya kwetu, nyama nimeifata kwa Waarabu wa Eisenbahnstraße (ukikaa Leipzig huo mtaa utaujua tu, halali, ndizi, bamia, vyote viko kule). Nikaweka bakuli kwenye friji nile Jumapili maana Jumapili maduka karibu yote yanafungwa. Naamka, bakuli limeoshwa limefunikwa kwenye chanja. Limeoshwa! Yani mwizi mwenye adabu. Na nlikua najua ni nani, maana Mcolombia alisimama juu ya sufuria Jumamosi ile, kanusa, kauliza hiki nini kile nini, nani mwingine?

Sikusema kitu. Nikaenda chumbani nikatoa doti ya kanga aliyonipa shangazi, nikakata katikati, kipande kimoja nikaenda kukitundika mlangoni mwa jikoni kama pazia. Jina lake HASIDI HANA SABABU. Herufi kubwa, nyekundu. Nikaegemea sinki nasubiri limfike.

Mcolombia akaingia, akaishika, akasema nzuri sana, imechangamsha jiko, ahsante! Mjerumani akapima kama haigusi jiko la umeme. Hamna aliyeuliza imeandikwa nini. Jamani fumbo linahitaji watu wawili, anaetupa na anaeelewa, mi nlikua natupa mawe kisimani. Na nikanuna hivyohivyo mwezi mzima, salamu zangu kwake zikawa fupi, "haloo" tu, na yeye masikini akaacha kunikatia embe bila kujua kosa lake.

Ramadhani 2023 ilianza Machi 23. Daku peke yako ni kitu kibaya, hasa kwenye nyumba yenye sheria ya ukimya kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, nlikua napasha chai natembea kwa vidole kama mwizi kweli. Wiki ya kwanza, saa kumi na ushee alfajiri, mlango wa nje unafunguka, Mvietnam huyo, koti lina baridi, macho mekundu. Hapo ndo nikajua kwamba usiku wa siku nyingine anapanga vifurushi kule uwanja wa ndege, ndege za mizigo zinashuka pale usiku kucha. Miezi mitano nakaa na mtu namuona mvivu wa kuamka! Nikamvutia kiti. Nikampa mkate wa kumimina na chai ya tangawizi, akala kimya, akala tena, alafu akaweka kikombe chini akasema kwa kile Kijerumani chetu cha kuunga unga kwamba ana jambo linamsumbua tangu Februari. Alirudi usiku ana njaa akakuta wali kwenye friji, shelfu ya chini, akajua ni ile shelfu ya wote. Alikula kidogo. Alafu akala wote. Kesho yake alitaka kuniambia ila aliona uso wangu akaogopa, na kila siku inavyopita ikawa aibu zaidi.

Nilicheka nikapaliwa na chai. Alafu nikaacha kucheka maana nikamkumbuka Mcolombia.

Nikampigia mama baada ya alfajiri, nikamsimulia yote, mama alicheka mpaka simu ikaanguka, akasema "Si unaijua ile kanga yangu ya bluu? Mdhaniaye ndiye kumbe siye. Ungetundika hiyo mwanangu."

Sa kuomba msamaha kwa kosa ambalo mwenzio hajui kama ulimkosea unaanzia wapi? Nikamwambia Mcolombia naomba nipike na wewe leo futari. Unga wangu wa sembe ulikua umeisha, akatoa wake wa arepa, vile vimkate vya mahindi vya kwao, mweupe, mahindi kabisa, nikafurahi nikasema leo utakula ugali. Maji yakachemka, nikatia unga wa uji kama kawaida, nasubiri utokote. Hautokoti. Umeshakuwa donge! Kumbe unga wao unakua umeshapikwa kiwandani, hauhitaji moto wa kuuivisha, nlikua nasonga udongo wa kufinyangia. Akaniondoa jikoni na bega, akachukua unga mwingine, maji ya uvuguvugu, chumvi, akakanda kwa mkono, akatengeneza vitumbua bapa akaweka kwenye chuma. Tulikula na samaki wa nazi niliyekua nimempika mimi, na tende mwanzo. Mjerumani akaja na karatasi, nikajua kikaratasi kingine, kumbe kaandika saa za magharibi za mwezi mzima kabandika kwenye friji pembeni ya zamu za usafi, ya kwangu ya kuosha bafu kaisogeza mpaka baada ya Idi.

Msamaha wenyewe sikuomba, nakiri. Kila nikitaka kusema naona ntamharibia kitu ambacho hakikuwepo kwake.

Mwaka uliofuata Mcolombia alimaliza, akarudi kwao. Siku anafunga mabegi akaniuliza kama anaweza kuondoka na lile pazia la jikoni. Nikamwambia chukua, kanga ni doti, kipande kimoja chako kimoja changu. Akauliza, hivi imeandikwa nini? Nikasema ni maneno ya wazee wetu, ya kulinda nyumba.

Juzi kanitumia picha. Ipo sebuleni kwa mama yake Medellín, juu ya kochi, imepigwa pasi, wageni wote wanaisifia.