Pundamilia na Vumbi kumbe ni wamoja

Aisee miezi mitatu nzima mi nilikuwa najidanganya. Hapa Sinza ninapokaa, ukutani karibu na taa ya uani, kuna wale buibui wadogo wanaorukaruka, na mi nikahesabu aina mbili, mmoja mweusi ana mistari myeupe nikamwita Pundamilia, mwingine kahawia kahawia tu hana mbwembwe nikamwita Vumbi, kila mmoja na faili lake kwenye simu. Juzi usiku nawakuta uso kwa uso, Pundamilia kanyanyua miguu ya mbele anamchezea mwenzie kama yuko kwenye kigodoro. Kumbe ni dume na jike wa aina moja! Kitaalamu wanaitwa Plexippus paykulli, wanaishi majumbani karibu nchi zote za joto.

Kilichoniuma ni kwamba jibu nilikuwa nalo. Karibu na mwisho wa tumbo wote wawili wana vidoti viwili vyeupe, ila ili uvione lazima upige picha toka juu, na mi picha zangu karibu zote ni za uso, maana yale macho mawili makubwa ya mbele yanakuangalia hivi, unashindwa kujizuia. Sasa uso ni mzuri kwa kuweka stetasi, kwa kumtambua mdudu haukupeleki mbali. Siku hizi naanza na mgongo, afu ubavu, uso mwisho kama bado hajaruka.

Mwingine alinipata kwenye mwembe wa mama mwenye nyumba. Nimepiga picha majimoto, wale chungu wa miembeni, weee, nakuja kuzoom nyumbani, huyu mmoja mbona ana miguu minane? Ni Myrmarachne, buibui anayejifanya mdudu chungu, miguu ya mbele anaichezesha hewani kama papasi. Mama mwenye nyumba nilivyomwonyesha akasema "mwanangu, wewe tafuta mchumba".

Jirani naye kila nikimwonyesha picha anauliza ndo yule anayependa mbu walioshiba damu? Hapana bana, yule ni Evarcha culicivora, anajulikana kule Ziwa Victoria upande wa Kenya na Uganda, sio kwenye korido yetu.

Na kuna ambao picha hata iwe kali vipi inagoma. Duniani hawa buibui wanaoruka wako zaidi ya aina 6,000, na wengi wataalamu wanawatenganisha kwa viungo vya uzazi chini ya hadubini, afu wale watoto ambao hawajakomaa hata hivyo viungo bado havijakamilika. Dume aliyekomaa utamjua kwa vile vimguu viwili vifupi vya pembeni ya mdomo, nchani vimevimba. Kwa hiyo yule wa kijivu wa getini, bapa bapa, nimeandika Menemerus, yaani jina la kundi lake tu bila la aina, nikaishia hapo. Vimguu vyake bado vyembamba, inaweza ikawa jike, inaweza ikawa mtoto, namsubiria.