Tambua Kama Ni Kanzu ya Mwanao

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tungesoma Danieli sura ya 14, ile iliyomo katika Biblia ya Kikatoliki, na nilikuwa nimeshaanza kuandika. Mnajua kazi yangu ni hadithi za upelelezi, na mtu wa kazi hii hawezi kuisoma sura ile akatulia. Makuhani 70 wanamdanganya mfalme kwamba sanamu ya Beli inakula. Kila siku unga, kondoo 40 na divai vinawekwa mbele yake, asubuhi hakuna kilichobaki. Danieli anamwaga majivu sakafuni, mfalme akiwa anaona, kisha mlango unafungwa na kutiwa muhuri. Kulipokucha majivu yana nyayo za wanaume, wanawake na watoto. Miaka yote hii ya kuandika, sijapata kubuni mtego mwepesi na mtamu kama ule.

Lakini Danieli atanisubiri. Kuna habari ya taa yangu, na nisipoiandika leo nitaendelea kuizungukazunguka mpaka Kwaresima.

Wenzangu wa nchi nyingine hupenda kuziweka hadithi zao katika vimiji vya jangwani, pahali ambapo mgeni anaonekana akiwa bado mbali na upepo unafuta nyayo kabla chai haijachemka. Mimi Mungu alinipa kilima cha Mwanza. Huku mgeni humwoni mpaka mgongane. Mawe makubwa kuliko nyumba yamepandana, nyumba zimejibanza kati yake, na vijia vinapita palipobaki nafasi. Watalii hushuka kwenye kivuko cha Kamanga wakapiga picha Jiwe la Bismarck wakadhani wameyamaliza mawe ya Mwanza! Ukitaka kumwelekeza mtu kwangu, unamwambia apande mpaka kwenye jiwe linalotaka kuanguka, kisha akate kushoto. Jiwe hilo linataka kuanguka tangu nilipohamia, miaka 11 sasa, na chini yake kuna mama anakaanga maandazi kila asubuhi bila wasiwasi wowote. Kule Mwaloni, kwenye soko la samaki, korongo wamesimama mabega juu kama ndugu wanaosubiri kusomewa wosia. Kwa mwandishi wa mambo ya siri, mji huu ni neema. Kwa mgonjwa ni habari nyingine, maana bajaji haipandi. Mtu akizidiwa usiku anashushwa kwa mikono ya majirani.

Uani kwetu tuko wapangaji sita. Chumba cha pembeni anakaa kijana mvuvi wa dagaa. Anatoka jioni na gambuti zake, anarudi alfajiri akinukia ziwa. Kazi yao mnaifahamu: taa inawekwa juu ya maji gizani, zamani karabai, siku hizi za sola au za betri, dagaa wanaifuata ile nuru, na wavu unawangoja hapo hapo.

Taa yangu mimi ni ndogo tu, ya sola. Inakaa kwenye msumari nje ya mlango, kwa safari za chooni.

Jumanne ile usiku mvua ilinyesha. Nakumbuka mwezi ulikuwa mpevu, kwa sababu nilipotoka kuanua nguo ulichungulia mara moja, halafu mawingu yakaumeza. Nikarudi ndani, nikavaa hedifoni, nikafungulia kwaya, nikaandika mpaka saa nane. Kulipokucha nikakuta msumari mtupu.

Sasa mwoneni fundi kazini. Kwenye tope kulikuwa na alama za gambuti, zinatoka mlango wa pembeni zinakuja kwangu, kisha zinashika kijia. Kwenye mbao ya mlango, chini ya msumari, kulikuwa na gamba moja la dagaa. Nililibandua kwa ukucha. Lilikuwa jembamba kuliko ganda la kitunguu; ukiligeuza huku linang'aa kama fedha, ukiligeuza kule halionekani kabisa. Nikalikunja kwenye karatasi. Wapendwa, nililikunja kwenye karatasi na nikaandika tarehe juu yake.

Mvuvi, taa, gambuti, gamba. Kesi nikawa nimeimaliza kabla ya kunywa chai. Nikaenda kumweleza mama mwenye nyumba kwa sauti ya chini, ile sauti ya chini tunayoitumia tukitaka jambo lifike mbali. Kufika Alhamisi wapangaji wameshaanza kulaza ndala zao ndani. Kijana akipita alisema "Shikamoo mwalimu" kama siku zote, ila sasa hakusimama kungoja marahaba.

Na kuna baya zaidi ambalo ni lazima niliseme. Hadithi niliyokuwa naiandika ilikuwa imekwama wiki tatu kwa kukosa mwizi. Usiku wa Alhamisi nikampata. Mvuvi wa dagaa, mrefu, mpole wa kukutia shaka, anaiba taa usiku wa mvua mwezi ukiwa mpevu nyuma ya mawingu, anakwenda nayo ziwani. Kurasa tisa zilitoka kwa pigo moja. Nilijisikia nimebarikiwa.

Jumamosi alfajiri, jumuiyani, somo lilikuwa Mwanzo 37. Wengine mlikuwepo. Nilisoma mimi, na huenda mliona nilikwama katikati nikaomba maji.

Siku zote nilikuwa nikisema wana wa Yakobo walimdanganya baba yao. Isomeni tena polepole. Wamemtupa Yosefu katika birika kavu huko nyikani, wamemtoa, ameuzwa kwa vipande 20 vya fedha. Wamechinja mbuzi, wamechovya kanzu katika damu. Halafu wanampelekea mzee na kumwambia: tumeiona hii, tambua kama ni kanzu ya mwanao au siyo. Basi. Hakuna aliyesema Yosefu amekufa wala aliyetaja simba. Kanzu ni ya Yosefu kweli, na damu ni damu kweli. Aliyesema mnyama mkali amemla ni Yakobo mwenyewe. Vijana walileta vitu viwili tu, hadithi akaitunga mzee. Na hakuwauliza mmeiona wapi, wala nani alikuwepo, wala mbona kanzu ipo na mwili haupo. Aliirarua nguo yake na kesi ikafungwa kwa miaka.

Tena ni Yakobo huyu huyu aliyemwendea baba yake Isaka amevaa ngozi za mbuzi mikononi ili adhaniwe ni kaka yake, sura ya 27. Mbuzi wameifuata sana familia hii. Ukifungua sura ya 38 unakuta mbuzi tena, na neno lile lile linamrudia Yuda, aliyetoa wazo la kumuuza ndugu yake: Tamari, mkwewe, anapelekwa kuchomwa moto, anamtumia muhuri, kamba na fimbo, anamwambia tambua hivi ni vya nani. Yuda anavitambua. Anakiri mbele za watu kwamba yule mwanamke ana haki kumliko yeye. Huyo ndiye atakayesimama baadaye Misri, kikombe kimefichwa makusudi kwenye gunia la Benyamini, na kusema nichukue mimi badala ya kijana. Ningeweza kukaa hapo wiki nzima, lakini tumbo lilikuwa limeshaanza kuniuma kwa sababu ya lile gamba la dagaa lililokuwa mezani kwangu na tarehe yake.

Jumapili sikufanya kitu. Jumatatu pia. Nilijiambia nina ushahidi, Yakobo hakuwa nao. Jambo ambalo si kweli, Yakobo alikuwa nao mwingi kuliko wangu.

Jumatano akashuka binti wa babu wa nyumba ya juu, amebeba kitu ndani ya khanga. Taa yangu. Alishukuru mpaka nikaona haya. Babu alikuwa amezidiwa usiku ule wa Jumanne, pumzi inakata. Waliita watu wa kumshusha, wakampata kijana wa chumba cha pembeni na wengine wawili. Kati ya mawe, kwenye utelezi ule, hawakuona pa kukanyaga. Kijana akaja kwangu akagonga, akagonga tena, akaona mwanga chini ya mlango lakini hakuitikiwa, akaichukua taa pale msumarini. Mimi nilikuwa na kwaya masikioni. Walimbeba babu, kijana mbele na taa, mpaka barabarani kwenye bajaji. Taa ikaenda na mgonjwa, ikalala wodini siku nane ikimmulikia binti chini ya kitanda cha baba yake. Babu amerudi. Anasalimia.

Kila ushahidi niliokusanya ulikuwa wa kweli: gambuti zake, gamba lake, mkono wake kwenye msumari wangu.

Mungu alimwuliza Adamu uko wapi. Alimwuliza Kaini yuko wapi ndugu yako, na damu ilikuwa tayari inamlilia kutoka ardhini. Kwa kinywa cha malaika wake alimwuliza Hajiri kule jangwani, kwenye chemchemi, unatoka wapi na unakwenda wapi. Hapo hakuna hata swali moja ambalo hakuwa na jibu lake. Ajuaye yote anauliza, na mimi niliyekuwa sijui lolote sikuuliza, na mlango wa yule kijana uko hatua nane kutoka wangu. Nimezihesabu.

Nilizitembea jioni ile ile. Nilimkuta kizingitini anashona wavu, maana giza lilikuwa limeanza kurudi na usiku huo walikuwa wanatoka. Akainuka, "Shikamoo mwalimu." Nikasema marahaba, nikamwambia akae, nikakaa na mimi chini kwenye simenti. Nilimweleza yote, gamba, karatasi, mama mwenye nyumba. Akaendelea kushona. Akasema tu, "Nilijua kuna kitu. Mama wa maandazi alianza kunihesabia chenji mara mbili." Kwa mama mwenye nyumba nilikwenda baadaye, na kwa huyo wa maandazi, na kwa wapangaji mmoja mmoja, na hapo sikutumia sauti ya chini.

Lakini kabla ya hapo nilimpa zile kurasa tisa. Niliona kumwomba msamaha wa taa na kumficha za mwandiko ni kuchovya kanzu mara ya pili. Akaweka sindano chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Ukurasa wa nne akacheka.

"Mwalimu, hapa umeandika mwezi mpevu."

"Ndiyo. Ulikuwa mpevu."

"Na huyu mtu wako ameenda kuvua dagaa."

Nikanyamaza.

"Mbalamwezi hatutoki, mwalimu. Ziwa zima linakuwa jeupe, dagaa hawaijali taa. Tunalala nyumbani. Ndiyo maana usiku ule walinikuta."

Miaka 11 Mwanza. Mtoto wa darasa la pili huku angeniambia.

"Na hii gambuti," akasema, "ndani ya mtumbwi hatuvai hivi." Akalamba kidole, akafungua ukurasa wa tano, akaniomba kalamu.