Huyo ni Mkewe: Safari ya Gede

Matatu ya Malindi ilinishusha Gede saa nne asubuhi, shati limeninata mgongoni. Nikashika njia ya magofu kwa miguu. Hapo langoni ndipo ulipo mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993 ili wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wafuge vipepeo na kuuza pupa, yaani viwavi waliojifunga kabla ya kuwa vipepeo, ng'ambo, msitu upate kupumua.

Nilimfuata kipepeo mmoja tu, Papilio dardanus. Ndani ya banda la wavu dume alinipita usoni: manjano iliyopauka, kingo nyeusi, mabawa ya nyuma yana mikia kama ya mbayuwayu. Juu ya jani alitulia mwingine, mweusi mwenye mabaka makubwa meupe, mkia hana kabisa.

"Na yule mgeni, mama?" nikamuuliza mfugaji mmoja.

"Mgeni wapi? Huyo ni mkewe, mwanangu."

Akachukua kijiti, akamgusa kiwavi wa kijani aliyekuwa akila jani. Nyuma ya kichwa ikachomoza pembe laini yenye panda, harufu kali ikanijaa puani. Viwavi wa ukoo mzima wa Papilionidae wana pembe hiyo, hata kama mabawa yao ukubwani hayafanani.

Nikaelewa kwa nini wataalamu walihangaika. Majike wa dardanus wana sura nyingi, na zamani walipewa majina tofauti kana kwamba ni spishi mbalimbali. Mwaka 1869 Roland Trimen, mtaalamu wa wadudu aliyeishi Cape Town, alieleza kwamba wote ni wake wa dume yule yule. Nyingi za sura hizo humwiga kipepeo fulani mwenye sumu. Huyu wa Gede anamwiga Amauris niavius, ambaye ndege humkwepa. Kule Bukini (Madagaska) majike hawaigi mtu: wana manjano na mikia kama waume zao.

Kwangu mimi, mama yule ni mwainishaji kamili, mjuzi wa kutambua nani ni wa spishi gani. Hakumtambua jike kwa rangi. Amemlea tangu yai.

Jioni, nikingoja gari kando ya barabara, mweusi mwenye mabaka meupe alitua kichakani, hatua mbili kutoka niliposimama. Niliinama nikamtazama sana. Dardanus au Amauris? Bado nimeinama, utingo akaniita, "Mombasa, Mombasa!"