Nilivyoingia mtandao wa chuo nikiwa Kahawa West

Mvua ikinyesha, Thika Road haipitiki na nauli inapanda papo hapo. Nilipofika hatua ya kuandika tasnifu niliamua sitakuwa nikienda mjini kila ninapotaka makala moja. Chuo kina VPN, yaani njia ya kuingia mtandao wa chuo ukiwa mbali, basi niitumie.

Kujiunga kwenyewe ni kazi ndogo. Ofisi ya teknohama ilinitumia faili la mipangilio, nikaliingiza kwenye programu ya OpenVPN, nikaandika nywila ya chuo, kisha tarakimu sita kutoka kwenye simu. Tarakimu hizo hubadilika kila sekunde 30, kwa hivyo saa ya simu yako ikiwa nyuma utakataliwa tu.

Alama ikawa kijani. Nikafungua makala JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, bado naambiwa nilipe! Wengi hapa huishia kusema VPN ya chuo haina faida. Lakini majarida hayakujui wewe. Yanatazama anwani ya IP unayotokea, yaani namba inayoonyesha uko kwenye mtandao wa nani. Nilipoiangalia yangu, ilikuwa bado ya kampuni inayoniuzia intaneti. Kumbe faili lile lilipitisha kwenye VPN mambo ya seva za chuo pekee, na mengine yote yakaenda njia yake ya kawaida. Siwalaumu, nani anataka kubeba sinema zetu za usiku? Niliuliza kama inaruhusiwa kupitisha kila kitu, wakakubali, nikaongeza mstari huu kwenye faili:

redirect-gateway def1

Makala ikafunguka.

Iliyonisumbua zaidi ni seva ya maabara, yenye data yangu yote. Haikuitika kabisa. Anwani yake ilianza na 192.168.1, na rauta ya nyumbani nayo hugawa anwani hizo hizo, kama rauta nyingi zinavyouzwa. Laptopu ikawa inaitafuta seva humu humu chumbani, kati ya simu na televisheni. Hapo mstari wa juu hausaidii, maana kompyuta huamini kwanza mtandao iliyoungwa nao moja kwa moja. Niliingia kwenye mipangilio ya rauta nikabadilisha anwani zianze na 192.168.87. Rauta ikajizima ili iwake upya, na mara nasikia mlango unagongwa. Ni Baba Brayo, jirani tunayechanga naye pesa za Wi-Fi.

"Kijana, mbona umezima na mpira unaendelea?"

"Dakika moja tu, mzee. Inarudi."

Ilirudi, na seva ikaitika.

Ukiwa kwenye mkahawa ambapo VPN inakataa kabisa kuunganika, huenda wamefunga poti (mlango wa mawasiliano wenye namba) 1194 ya UDP, ambayo OpenVPN hutumia kwa kawaida. Omba chuoni faili la mipangilio linalotumia TCP, njia nyingine ya kusafirisha data, kwenye poti 443. Hiyo ndiyo poti ya tovuti za kawaida, ni nadra kufungwa. Na kama unatumia bando la simu, zima VPN ukimaliza kusoma.