Wadudu watatu

Aprili 2000, nikiwa na miaka 11, niliteremshwa kutoka Lushoto kwenda Muheza kukaa kwa Bibi. Masika ilikuwa imejaza maji kila alama ya kwato za ng'ombe njiani. Kwetu milimani chandarua hatukukijua; baridi humchelewesha mdudu wa malaria kukomaa tumboni mwa mbu, na mara nyingi mbu hufa kabla.

Nililala kitanda kimoja na mtoto wa mjomba, chini ya chandarua kinachopitisha ngumi. Wiki ya tatu nikaanza kutetemeka. Mwenzangu alikuwa juu ya mchungwa.

Zahanati wakanipa klorokwini. Niliwashwa mpaka Bibi akanivisha soksi mikononi, na siku ya nne homa ikarudi palepale. Nilikimbizwa hospitali. "Wadudu watatu," mpimaji alisema. Nikawekewa dripu ya kwinini, masikio yakavuma kama mashine ya kusaga.

"Pole mume wangu," Bibi akaniambia, "mbu wa huku hawajakuzoea."

Siku ya kutoka, mpimaji alinipa nichungulie kioo chenye damu yangu kwenye darubini: vipete vya zambarau, kila kimoja na kito chake. Kisha, kwa udadisi tu, akamchoma kidole yule ndugu yangu aliyekuwa akimenya chungwa kwenye benchi. Naye alikutwa nao! Mdudu mmoja, homa hana.

"Huyu ndiye anayewalisha mbu wenu," mpimaji akacheka.

Mwaka uliofuata serikali iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza. Wadudu waliobadilika kinasaba walikuwa wameshaizoea. Kila aliyemeza vidonge aliwaua wale dhaifu, wakabaki sugu, mbu akawabeba hao.

Kuhusu ndugu yangu, kwa nini hakuugua, jibu lilichelewa. Mwanawe wa pili alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, wakapimwa yeye na mkewe: wote AS, yaani kila mmoja ana kinasaba kimoja cha selimundu na kimoja cha kawaida. Nusu hiyo ya kinasaba humkinga mtu na malaria kali, jambo ambalo mtafiti Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kwa utafiti wa huku kwetu Afrika Mashariki. Sisemi ni damu peke yake. Mbu walimuuma tangu uchanga, mwili ukajifunza.

Usiku ule alinipigia simu. Kabla ya kunieleza habari za mtoto, aliuliza: "Unakumbuka siku ile nilivyopimwa?"

Nilikumbuka. Hata maganda ya chungwa pale chini ya benchi.